Deni la Kadi na Alama ya Mkopo: Historia ya Kipimo cha Kimarekani

Nchini Marekani, mtu anayepunguza deni la kadi yake ya mkopo huweza kuona alama yake ya mkopo ikipanda ndani ya mwezi mmoja au miwili, ilhali yule aliyechelewa kulipa kwa siku 30 tu huweza kubaki na doa hilo katika kumbukumbu zake kwa miaka saba. Alama hiyo ni namba, kwa kawaida kati ya 300 na 850, inayokadiria uwezekano wa mkopaji kushindwa kulipa, na ndiyo ambayo benki, wauza magari na wenye nyumba za kupangisha huitazama kabla ya kumkubali mtu au kumpangia bei. Kwamba namba hiyo husahau upesi deni kubwa la kadi lililokwisha kulipwa, lakini hushikilia kwa muda mrefu kosa moja la kuchelewa, ni jambo linalowashangaza wakopaji wengi, na maelezo yake hayamo katika hesabu peke yake. Yamo katika historia ya zaidi ya miaka 180 ya namna wafanyabiashara wa Marekani walivyojifunza kuwakopesha watu wasiowajua.

Historia hiyo ilianzia katika biashara ya jumla ya New York. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 wenye maduka wa miji ya ndani walisafiri hadi pwani kununua vitambaa, vyombo na zana, na sehemu kubwa ya bidhaa hizo waliichukua kwa mali kauli, yaani waliondoka na mzigo kwa ahadi ya kulipa baada ya miezi kadhaa, wakiwa wamekwisha kuuza. Mfanyabiashara wa jumla alitegemea barua za utambulisho na sifa za kusikia. Mdororo wa mwaka 1837 ulipowaangusha wakopaji kwa maelfu, ulimwangusha pia Arthur Tappan, muuzaji mkubwa wa hariri, pamoja na ndugu yake Lewis aliyekuwa msimamizi wa mikopo ya duka hilo. Lewis Tappan, ambaye pia alikuwa mpinzani mashuhuri wa utumwa na mmoja wa waliopanga utetezi wa Waafrika wa meli ya Amistad mahakamani, alianzisha mwaka 1841 shirika lililoitwa Mercantile Agency, lenye kazi moja tu, nayo ni kukusanya habari za wafanyabiashara wa nchi nzima na kuwauzia wakopeshaji habari hizo.

Namna shirika hilo lilivyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu mengi yaliyofuata ni marudio yake kwa vyombo vipya. Wapelelezi wake walikuwa hasa mawakili wa miji midogo, walioandika barua bila mshahara wakitarajia kupewa kesi za kudai madeni katika maeneo yao. Abraham Lincoln, kabla ya kuwa rais, alikuwa miongoni mwa walioandika. Barua zilipofika New York, makarani walizinakili kwa mkono katika madaftari makubwa ambayo leo zaidi ya 2,500 kati yake yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard. Daftari lilieleza umri wa mtu, ndoa yake, mali yake, kama anakunywa pombe au anacheza kamari, na majirani wanamwonaje. Mteja aliyelipia huduma hakuruhusiwa kushika daftari. Alisimama mbele ya kaunta, na karani akamsomea kwa sauti yale yaliyoandikwa. Aliyeandikwa hakuwa na njia rasmi ya kujua yaliyosemwa juu yake, na hali hiyo, ya mkopaji kuwa wa mwisho kuijua sifa yake mwenyewe, ilidumu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mshindani wake, John Bradstreet, alianza mwaka 1857 kuchapisha vitabu vya madaraja, ambamo maelezo marefu ya tabia yalipunguzwa kuwa ishara fupi zinazoweza kusomwa mara moja. Robert Graham Dun, aliyerithi shirika la Tappan, alifuata njia hiyo hiyo, na mwaka 1933 kampuni hizo mbili ziliungana kuwa Dun & Bradstreet. Ni katika vitabu hivyo vya madaraja ambamo tabia ya mtu ilianza kugeuzwa alama, ingawa bado alama hiyo ilitokana na maoni ya mwanadamu, wala si hesabu.

Mikopo ya watu wa kawaida ilikuwa na mkondo wake. Mwishoni mwa karne ya 19 maduka makubwa ya mijini yalikuwa yakiwafungulia wateja hesabu za kulipa mwisho wa mwezi, na wenye maduka wa mji mmoja waliona faida ya kuambiana nani hulipa na nani hukwepa. Kampuni ya Retail Credit, iliyoanzishwa Atlanta mwaka 1899 na ndugu wawili wa ukoo wa Woolford, ilikua kutokana na orodha za namna hiyo. Kufikia katikati ya karne ya 20 karibu kila mji ulikuwa na ofisi ya taarifa za mikopo, yenye makabati ya droo zilizojaa kadi za karatasi, makarani wa kike waliokaa kwenye simu wakisoma kadi hizo kwa maduka yaliyouliza, na vipande vya magazeti vilivyobandikwa kueleza harusi, talaka, kukamatwa na polisi au kufilisika. Kadi hizo zilirekodi kama mtu amelipa kwa wakati au amechelewa. Ni mara chache zilipoweza kusema anadaiwa kiasi gani leo, kwa kuwa kila duka lilikuwa na daftari lake. Hivyo kumbukumbu ya kuchelewa ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa mfumo tangu mwanzo, na hadi sasa ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko nyingine zote.

Wazo la kuhesabu hatari badala ya kuikisia lilipata msingi wa kitaalamu mwaka 1941, David Durand alipochapisha utafiti uliotumia takwimu kutenganisha wakopaji wazuri na wabaya katika mikopo ya kulipwa kwa awamu. Mwaka 1956 mhandisi Bill Fair na mwanahisabati Earl Isaac, kila mmoja akitoa dola 400, waliunda kampuni California kwa kusudi la kuuza maarifa ya namna hiyo. Waliwaandikia wakopeshaji 50 wakubwa wa nchi wakiomba nafasi ya kueleza mbinu yao, na ni mmoja tu aliyejibu. Maofisa wa mikopo waliamini kwamba uzoefu wa kumtazama mtu usoni hauwezi kushindwa na jedwali la namba.

Kilichowabadilisha maofisa hao hakikuwa hoja, bali aina mpya ya deni. Septemba 1958 benki ya Bank of America ilituma kwa posta kadi 60,000 kwa wateja wake wa mji wa Fresno, California, bila wao kuziomba. Kadi za Diners Club zilikuwapo tangu 1950, lakini zile zilidai malipo yote kwa mpigo mwisho wa mwezi. Kadi ya Fresno ilimpa mtu kikomo cha dola mia kadhaa na ruhusa ya kulipa sehemu tu ya deni, kisha sehemu iliyobaki itozwe riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Huu ndio mkopo wa mzunguko, yaani mkopo usio na tarehe ya mwisho, ambao mkopaji hulipa, hukopa tena na kulipa tena mradi asivuke kikomo alichowekewa. Benki ilikuwa imetarajia kwamba takribani asilimia 4 ya akaunti zingechelewa. Zilizochelewa zilikuwa asilimia 22, na hasara ya miezi ya mwanzo ilihesabiwa kwa mamilioni ya dola. Hata hivyo mpango haukufutwa, na ndani ya miaka michache ukaanza kuleta faida. Kadi hiyo ilibadilishwa jina mwaka 1976 na kuitwa Visa.

Umuhimu wa Fresno katika historia ya alama ya mkopo hauishii katika hasara hiyo. Mkopo wa gari au wa nyumba hupungua kwa ratiba, na anayeutazama kutoka nje anajua kwamba mwaka kesho utakuwa mdogo kuliko leo. Deni la kadi halina ratiba, linaweza kupanda kutoka sufuri hadi kikomo kwa wiki moja, na mara nyingi hupanda hasa wakati mshahara umekatika au ugonjwa umeingia nyumbani. Kwa hiyo mkopeshaji aliyetaka kujua hali ya mtu alihitaji kuuliza swali ambalo madaftari ya Tappan hayakuwahi kuwa nalo: kati ya kikomo chote alichopewa mtu huyu, amekwisha kula kiasi gani? Kasoro nyingi za kipimo cha leo, pamoja na manufaa yake, zimetoka katika swali hilo.

Kabla ya swali hilo kupata jibu la kihesabu, ilibidi taarifa zenyewe zisafishwe. Katika miaka ya mwisho ya 1960 Bunge la Marekani lilisikiliza ushahidi kuhusu mafaili ya Retail Credit yaliyojaa uvumi juu ya ndoa, unywaji na maisha ya faragha ya watu, na matokeo yake yakawa Sheria ya Haki katika Taarifa za Mikopo ya mwaka 1970, iliyompa mtu haki ya kujua kilichomo katika faili lake, haki ya kupinga makosa, na kuweka ukomo wa miaka saba kwa habari nyingi mbaya. Kampuni hiyo ilijibadili jina mwaka 1975 na kuitwa Equifax. Sheria nyingine, ya mwaka 1974, ilikataza ubaguzi wa kijinsia na wa hali ya ndoa katika utoaji wa mikopo, na marekebisho ya 1976 yakaongeza rangi, dini, asili na umri. Sheria hizo ziliisogeza nchi kwenye takwimu kwa nguvu zaidi kuliko barua za Fair na Isaac, kwa sababu mkopeshaji aliyeshtakiwa kwa ubaguzi aliweza sasa kuonyesha kwamba aliongozwa na jedwali lisilotaja jinsia wala rangi. Ni haki kusema kwamba jedwali hilo liliwaokoa wengi na jicho la ofisa mwenye chuki. Ni haki vilevile kusema kwamba lilibeba ndani yake athari za miongo ya watu weusi kunyimwa mikopo ya nyumba, maana asiyewahi kukopeshwa hana kumbukumbu ya kulipa.

Mwaka 1989 kampuni ya Fair na Isaac, kwa kushirikiana na Equifax, ilitoa alama ya jumla inayotokana na faili la taasisi ya taarifa za mikopo peke yake, na kufikia 1991 alama hiyo, iliyojulikana kwa jina la FICO, ilipatikana katika taasisi zote tatu kubwa za nchi. Mwaka 1995 mashirika ya Fannie Mae na Freddie Mac, yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka benki, yalipendekeza itumiwe katika mikopo hiyo, na tangu hapo ikawa vigumu kununua nyumba bila kupita mbele yake. Lakini mkopaji mwenyewe hakuonyeshwa. Ni mwaka 2000 ambapo kampuni ilichapisha orodha ya mambo yanayohesabiwa, na mwaka 2001 ambapo watu wa kawaida walianza kuuziwa alama zao wenyewe.

Orodha hiyo, katika umbo linalojulikana leo, inayapa malipo kwa wakati uzito wa takribani asilimia 35, kiasi kinachodaiwa asilimia 30, umri wa akaunti asilimia 15, na maombi mapya ya mikopo pamoja na mchanganyiko wa aina za mikopo asilimia 10 kila moja. Ndani ya ile asilimia 30 kipimo kikubwa ni uwiano wa matumizi ya kikomo, yaani deni la kadi likigawanywa kwa kikomo chake. Mwenye kadi ya kikomo cha dola 5,000 na deni la dola 4,500 ana uwiano wa asilimia 90. Akilipa dola 3,500 na kubakiwa na deni la dola 1,000, uwiano unashuka hadi asilimia 20, na alama yake hupanda, mara nyingi kwa makumi ya pointi, benki itakapopeleka taarifa mpya. Uwiano huo hupimwa kwa kadi zote kwa pamoja na pia kwa kila kadi peke yake, na ushauri unaorudiwa sana wa kutovuka asilimia 30 si mpaka uliochorwa ndani ya hesabu, kwa kuwa wenye alama za juu kabisa kwa kawaida hutumia chini ya asilimia 10.

Mambo mawili katika utaratibu huu hueleweka vibaya, na yote mawili yana gharama kwa mkopaji. La kwanza ni tarehe. Benki kwa kawaida hupeleka salio kwa taasisi za taarifa siku ya kufunga hesabu ya mwezi, ambayo hutangulia siku ya mwisho ya kulipa kwa wiki tatu hivi. Hivyo mtu anayetumia dola 2,400 katika kadi ya dola 3,000, kisha akalipa zote bila senti moja ya riba, huonekana katika faili kama aliyekula asilimia 80 ya kikomo, na njia yake ya kuepuka hilo ni kulipa kabla hesabu haijafungwa. La pili ni kufunga kadi iliyokwisha kulipwa. Kwa hisia ya kawaida hilo ni jambo jema, lakini kikomo cha kadi iliyofungwa huondoka katika hesabu, na deni lililoko kwenye kadi nyingine huonekana kubwa zaidi ingawa halikuongezeka. Dhana kwamba ni lazima kubakiza deni kidogo lenye riba ili alama ikue haina msingi wowote, na imewapa wenye benki fedha nyingi wasizostahili.

Kwa sababu alama za aina hii zilisoma salio la mwezi wa karibuni tu, deni la kadi halikuacha kumbukumbu baada ya kulipwa, tofauti na kuchelewa. Udhaifu wa picha hiyo ya siku moja ulionekana mwaka 2008 na 2009, benki zilipopunguza vikomo vya mamilioni ya kadi kwa hofu ya mdororo: uwiano wa watu ambao hawakukopa hata dola moja zaidi ulipanda kwa uamuzi wa mtu mwingine. Mwaka 2020 jambo la kinyume lilitokea kwa kiwango ambacho hakuna mtafiti angeweza kukipanga. Kutokana na fedha za msaada wa serikali na kusimama kwa matumizi wakati wa janga la UVIKO-19, madeni ya kadi yalishuka kutoka dola bilioni 927 mwishoni mwa 2019 hadi bilioni 770 mwanzoni mwa 2021, kwa hesabu za tawi la New York la Benki Kuu ya Marekani, na wastani wa alama ya FICO ukapanda kutoka 703 mwaka 2019 hadi 716 Aprili 2021. Si kupanda kote kulikotokana na kadi, maana sheria ya dharura ilizuia mikopo mingi iliyoahirishwa isiandikwe kuwa imechelewa. Hata hivyo taifa zima lilionyesha, katikati ya janga, kile ambacho hapo awali kilisemwa kwa mtu mmoja mmoja. Madeni yaliporudi na kuvuka dola trilioni moja mwaka 2023, wastani huo uliacha kupanda na kuanza kushuka.

Zama za kipimo kisicho na kumbukumbu sasa zinaelekea kupita. Tangu 2016 Fannie Mae huangalia mwenendo wa salio wa hadi miezi 24 katika maombi ya mikopo ya nyumba, ikitenganisha anayelipa kadi yote kila mwezi na anayebeba deni kutoka mwezi hadi mwezi, na alama mpya, kama VantageScore 4.0 ya 2017 na FICO 10T ya 2020, zimejengwa juu ya mwenendo huo. Kwa alama hizo, kulipa deni wiki chache kabla ya kuomba mkopo hakutakuwa na nguvu ile ile iliyokuwa nayo kwa miaka 30, na anayelipa taratibu kwa muda mrefu atapata sifa ambayo picha ya siku moja haikuweza kumpa.

Mashirika yaliyotokana na historia hii yamefika hadi Afrika Mashariki: nchini Tanzania, jina la Dun & Bradstreet liliingia miongoni mwa taasisi za taarifa za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu, na TransUnion, mojawapo ya zile tatu kubwa za Marekani, ilishika nafasi Kenya. Lakini mkopo uliowaingiza mamilioni ya Wakenya katika mafaili hayo haukuwa wa kadi. Ulikuwa mkopo wa simu, ulioenea tangu huduma ya M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, wenye kiasi maalumu na tarehe maalumu ya kurudisha. Kwa deni la namna hiyo swali kuu ni lile la zamani, kama mtu amelipa kwa wakati, na ndiyo maana neno lililozoeleka mitaani ni kuorodheshwa CRB, yaani katika taasisi ya taarifa za mikopo, neno ambalo ni hofu ya doa, wala si hesabu ya uwiano. Ukali wa mfumo huo ulifikia hatua ya watu kuandikwa kwa deni la shilingi mia chache, hata Benki Kuu ya Kenya ikaamua mwaka 2020 kwamba deni lililo chini ya shilingi 1,000 lisiorodheshwe. Fuliza, huduma nyingine ya mkopo wa simu iliyozinduliwa 2019, ndiyo iliyo karibu zaidi na kadi ya Fresno, kwa kuwa ina kikomo, huliwa na kujazwa tena fedha zinapoingia.

Mswahili anayehamia Marekani, awe ametoka Mombasa au Dar es Salaam, huanza bila faili, kwa sababu kumbukumbu za kulipa alizojijengea nyumbani kwa kawaida hazimfuati, na alama ya FICO haitolewi mpaka awe na akaunti iliyodumu angalau miezi sita. Faili hilo likishafunguliwa, sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inampa haki ya kulisoma bila malipo katika kila taasisi mara moja kwa mwaka, na mwaka 2023 taasisi zote tatu zilikubali kulitoa bure kila wiki kwa kudumu. Kenya nayo inampa mkopaji ripoti moja ya bure kwa mwaka. Utafiti wa serikali ya Marekani uliotolewa mwaka 2013 uligundua kwamba mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kosa lililothibitishwa katika ripoti yake moja au zaidi, na kazi ya kulitafuta kosa hilo na kudai lisahihishwe, kwa sheria za nchi zote mbili, huanza na mkopaji mwenyewe.